Mambo ya Nyumbani: Pipa la Bia na Mtungi wa Gesi

Bia nyeusi inayomiminwa kwa naitrojeni haifanani na bia nyingine. Bilauri ikiisha kujazwa, mawimbi madogo ya rangi ya maziwa huonekana yakishuka kandokando ya kioo, ingawa mtu angetazamia yapande. Baada ya dakika mbili hivi bia hutulia, ikabaki nyeusi chini, na juu yake hukaa povu zito, laini, mfano wa povu la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Aliyekwisha kuiona mara moja hutamani kuiona tena, na wako wasiotosheka na kuiona hotelini. Hao hutaka bomba lake liwe nyumbani kwao.

Na achukuliwe sajenti mmoja wa polisi wa Mbarara kuwa mfano, maana wa namna yake ni wengi. Alipelekwa Uingereza kwa kozi ya miezi mitatu, akarudi na cheti, koti la baridi, na habari ya bia hiyo. Shughuli ya kuhingira ya mdogo wake wa kike ilikuwa imebakiza miezi miwili, ifanyike kwa baba yao huko Isingiro. Sajenti aliazimia kununua vyombo vyote: mtungi wa gesi, kipimo cha presha, mipira, bomba na pipa. Wageni wa shughuli wangenyweshwa bia ya bomba, na baada ya shughuli vyombo vingehamia nyumbani kwake Mbarara, vikae hapo daima.

“Mama watoto,” alisema, “kuhingira kwetu kutazungumzwa Isingiro nzima.”

“Kutazungumzwa kwa heri au kwa shari, baba watoto?” mkewe aliuliza. Mama huyu ni muuguzi, na mitungi ya gesi anaijua. Kazini kwake hakuna mtungi unaosimama bila mnyororo.

Kabla ya kuangalia kama sajenti alikuwa na haki au la, yafaa ieleweke kwanza gesi hiyo hufanya kazi gani ndani ya bia.

Bia ya kawaida, ile ya rangi ya njano, huwa na hewa ya ukaa. Hewa hiyo huzaliwa yenyewe bia inapochachuka, na huyeyuka ndani ya kinywaji kwa wingi. Ndiyo inayochoma ulimi na kupandisha mapovu makubwa yanayopasuka upesi. Naitrojeni ni ya tabia nyingine. Watu wote wanaivuta kila wakati, kwa maana katika kila sehemu mia za hewa ya kawaida sehemu 78 ni naitrojeni. Lakini haipendi kuyeyuka katika maji. Hewa ya ukaa huyeyuka zaidi yake kwa zaidi ya mara hamsini. Ikilazimishwa kuingia katika bia kwa nguvu nyingi, kisha bia hiyo ikapitishwa katika vitundu vyembamba, hukimbia nje kwa vipovu vidogo mno visivyopasuka haraka. Hilo ndilo povu la maziwa alilolipenda sajenti.

Kiwanda cha Guinness kilianzishwa Dublin, nchini Ayalandi, mwaka 1759, lakini ujuzi huu wa naitrojeni ulikuja miaka mia mbili baadaye, mwaka 1959. Aliyeuongoza hakuwa mtengeneza bia kwa asili yake. Alikuwa mwanahesabu, jina lake Michael Ash, na kwa muda mrefu alihangaika kupata pipa moja ambalo mwenye baa angeweza kulifungua na kumimina bila ufundi mkubwa. Hadi leo gesi inayotumika kwa bia nyeusi ya bomba ni mchanganyiko: naitrojeni sehemu 70 au 75 katika mia, na zilizobaki ni hewa ya ukaa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huwaza kwamba wakiwa na mtungi wa naitrojeni wataweza kusukuma bia yoyote, nayo itatoka na povu la maziwa. Sivyo. Bia ya njano ikiwekewa mchanganyiko ule kwa muda hupoteza ukali wake ikawa kama chai iliyopoa. Hata Guinness ya chupa, ile kali iliyozoeleka Afrika Mashariki, haikutiwa naitrojeni kiwandani; imetiwa hewa ya ukaa. Ikipitishwa katika bomba la bia nyeusi, bilauri nzima huwa povu, na mwenyeji huaibika mbele ya wageni. Kwa hiyo anayetaka bomba la naitrojeni hana budi kupata pipa la bia iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na kama haipatikani katika mji wake, mtungi utakuwa pambo.

Tuseme amelipata pipa. Vyombo vinavyotakiwa vinajulikana. Mtungi husimama wima na kufungwa kwa mnyororo. Juu yake hufungwa kipimo cha presha, ambacho kazi yake ni kuipunguza nguvu ya gesi. Naitrojeni hujazwa mtungini kwa nguvu ya mara 150 au 200 ya hewa ya kawaida, na pipa la bia halistahimili hata kidogo cha nguvu hiyo. Kipimo huishusha hadi paundi 30 au 40 kwa kila inchi ya mraba, ambayo dereva yeyote ataitambua kuwa ni sawa na upepo wa gurudumu la gari dogo. Mpira wa gesi hutoka kwenye kipimo kwenda kwenye kichwa cha pipa. Mpira wa pili hutoa bia kwenye pipa na kuipeleka bombani. Ndani ya bomba la bia nyeusi kuna kisahani chenye vitundu vidogo, kwa kawaida vitano, na humo ndimo povu linapofanyika. Kisahani hicho kikikosekana, hakuna mawimbi ya maziwa wala povu zito.

Kipimo cha hewa ya ukaa kisitumiwe kwa mtungi wa naitrojeni. Nguvu zake hazilingani, na ndiyo sababu watengenezaji waliviwekea skrubu zisizoingiliana. Fundi anayejitolea kutengeneza kiungo cha kulazimisha vikubaliane asiruhusiwe kuvuka kizingiti cha nyumba.

Mbarara iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,400, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Kipimo kilichoandikwa katika vitabu vya Ulaya huhitaji kuongezwa kidogo, kama paundi mbili hivi. Ni jambo dogo, ila lisipojulikana mtu atamlaumu aliyemuuzia pipa.

Baridi nayo ina sheria yake. Bia nyeusi hupendeza katika digrii sita hivi. Ikifika digrii 20, gesi hutoroka na bombani hutoka povu tupu. Pipa la lita 50 haliingii katika jokofu la familia mpaka rafu zote zing'olewe, na hapo maziwa, nyama na dawa za watoto zitahamia wapi? Umeme ukikatika mchana mmoja, baridi ya siku nzima hupotea. Mke wa sajenti aliuliza swali hilo la rafu mara mbili, na mara zote mbili mumewe alitazama dirishani.

Kisha ipo hesabu ya unywaji. Lita 50 ni bilauri mia moja za nusu lita. Pipa likiisha kufunguliwa, hata likiwa na gesi yake sawasawa na baridi ya kutosha, ladha yake hudumu kwa kiasi cha wiki sita tu. Mtu akinywa bilauri mbili kila jioni atalimaliza kwa siku hamsini, na za mwisho hazitakuwa tamu. Marafiki wakipata habari kwamba nyumbani kwa sajenti kuna pipa, siku hamsini zitakuwa tano, na mshahara ni ule ule.

Hayo yote huvumilika. Neno lisilovumilika ni mahali mtungi utakapolala.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamezaliwa kambini au wamelea watoto kambini. Baadhi ya familia bado zinakaa katika vile vibanda vya bati vya mviringo ambavyo askari wa Uganda waliviita “mama ingia pole”, kwa kuwa mtu mzima hawezi kuingia bila kuinama na kupunguza mwendo. Wengine wana chumba kimoja cha matofali, pazia katikati, wazazi upande huu na watoto upande wa pili, juu ya mkeka. Usiku dirisha hufungwa kwa sababu ya mbu na wezi. Katika chumba kama hicho mtungi wa gesi si chombo cha starehe.

Mke wa sajenti alichukua kalamu. Chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye urefu wa futi nane, huingia hewa kama lita 22,000. Mtungi wa hewa ya ukaa wenye kilo kumi, ukivuja wote, hutoa zaidi ya lita 5,000 za gesi. Maana yake ni kwamba karibu sehemu moja kwa tano ya hewa ya chumbani itakuwa hewa ya ukaa, na binadamu huzimia hata inapofika sehemu moja kwa kumi. Tena hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida mara moja na nusu. Hutambaa chini sakafuni na kujaa kutoka chini kwenda juu. Walalao juu ya mkeka ndio wanaofikiwa kwanza.

“Lakini mimi nataka ya naitrojeni,” sajenti alisema.

“Hiyo ndiyo mbaya zaidi,” mkewe alijibu.

Na alisema kweli. Hewa ya ukaa angalau hutoa onyo: pua huwasha, kichwa huuma, mtu huhema kama aliyepanda mlima. Mwili wa binadamu umeumbwa kuihisi. Naitrojeni haina rangi wala harufu, na mwili hauna habari nayo kwa kuwa umeizoea tangu kuzaliwa. Anayevuta naitrojeni tupu hahisi kukabwa. Pumzi mbili tatu, na amekwisha anguka. Mtungi mkubwa wa mchanganyiko, wa lita 50, uliojazwa kwa nguvu ya mara 150, una gesi lita 7,500. Ikitoka yote katika chumba kile kile, oksijeni hushuka kutoka sehemu 21 katika mia hadi kama 15, na juu ya hapo hewa ya ukaa huongezeka. Aliyelala hataamka kufungua mlango.

Aliyemkuta mwenziwe ameanguka katika chumba chenye mtungi wa gesi asikimbilie ndani. Wengi waliokufa katika ajali za namna hii walikuwa waokoaji, mmoja akimfuata mwingine. Mlango na madirisha yafunguliwe kutoka nje, watu waitwe, hewa ipite kwanza. Kwa askari aliyefunzwa kwenda mbele bila kusita, agizo hili ni gumu, lakini ndilo linalopunguza idadi ya makaburi.

Kuna na jua. Kibanda cha bati saa nane mchana huwaka kama tanuri. Hewa ya ukaa ndani ya mtungi ni maji, na katika digrii 20 hukaa kwa nguvu ya mara 57 ya hewa ya kawaida. Chini ya bati lililopata moto, nguvu hiyo huweza kupanda maradufu. Mitungi mizuri ina kizibo cha usalama kinachopasuka kabla ya chuma chenyewe kupasuka, ila kikipasuka gesi yote humwagika kwa dakika chache, na chumba ni kile kile cha futi kumi kwa kumi.

Sajenti hakukata tamaa. Alikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ni mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Naitrojeni si mgeni katika Ankole. Mbegu za madume huhifadhiwa katika naitrojeni iliyogeuzwa maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, na wataalamu huibeba katika vyombo vyao kutoka shamba hadi shamba. Kituo cha taifa cha uzazi wa mifugo kiko Entebbe, na wafugaji wa Mbarara wamezoea kumwona mtaalamu akifungua chombo chake na moshi mweupe ukimwagika kama ukungu wa alfajiri.

“Shemeji,” sajenti alimwambia kwa sauti ya chini, “nipunguzie lita mbili tu.”

“Ukiziweka wapi, shemeji?”

“Katika pipa. Si naitrojeni ni naitrojeni?”

Shemeji yake alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka. Lita moja ya naitrojeni ya maji ikipata joto huwa gesi karibu lita 700. Chombo cha kupandishia ng'ombe hakifungwi kwa kubana. Kifuniko chake hukaa kwa kulegea ili gesi ipate njia. Akiimimina katika pipa na kulifunga, lita mbili zile zingetaka nafasi ya lita 1,400 ndani ya pipa la lita 50. Pipa lingepasuka kama bomu la kutega. Hata mkono ukiguswa nayo kwa muda huungua kwa baridi, na ngozi hufa. Mtaalamu huyo alisema kwamba tangu siku ile hafungui chombo chake mbele ya sajenti.

Vile vile mitungi ya mafundi wa kuchomelea vyuma isiazimwe. Gesi ya karakana haikusafishwa kwa ajili ya kinywaji. Mtungi wa oksijeni, ambao mafundi wengi wanao, huiharibu bia kwa siku moja na huchochea moto. Rangi ya mtungi isiaminiwe peke yake. Isomwe karatasi yake.

Wiki iliyofuata sajenti na mkewe walikwenda Nakivale kuagiza tonto ya wazee, kwa sababu hakuna kuhingira ambako wazee watakubali kunywa bia ya chupa tu. Makazi ya Nakivale yako katika wilaya ya Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo, upande wa mpaka wa Tanzania. Yalianza kupokea wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Leo wanakaa humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, zaidi ya watu laki moja, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Pombe ya ndizi nayo ina majina kwa kadiri ya watu: tonto kwa mwenyeji, urwagwa kwa Mnyarwanda, urwarwa kwa Mrundi, kasiksi kwa mtu wa Kivu.

Mama waliyemwendea ni Mkongo wa Kivu. Mtaji wake ni ndizi za pombe anazonunua kwa wenyeji, na kazi yake imekuwa na uzito zaidi tangu mwaka 2023, misaada ya chakula ilipopunguzwa kwa familia nyingi. Ndizi huivishwa kwa siku kadhaa, humenywa, hukamuliwa pamoja na nyasi mpaka maji yake matamu yatoke. Maji hayo, ambayo Wanyankole huyaita eshande, watoto huyanywa palepale. Yanayobaki huchujwa, huongezwa maji, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, yakaachwa siku moja hadi tatu. Mke wa sajenti aliuliza kama maji yanayoongezwa huchemshwa. Mama alimwonyesha sufuria kubwa mekoni. Kuni ni ghali Nakivale, na asiyechemsha husema ni kwa ajili ya kuni.

Sajenti, kwa desturi ya kazi, alichungulia nyuma ya nyumba.

“Afande, hakuna mtambo hapa,” mama alisema. “Mimi napika pombe, sitoneshi enguli.”

Alijua anachokisema. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliwekwa kwa wanaonereka pombe kali bila leseni, na tofauti ya pipa la ndizi na mtambo wa kunereka askari yeyote anaijua.

Pombe ilipokuwa tayari kwa kupimwa, sajenti alishika jerikeni la lita 20 akaanza kulikaza kifuniko kwa nguvu zake zote, ili lisimwagike garini. Mama alimshika mkono.

“Hapana, afande. Bidoni ya pombe haifungwi hivyo. Iache ipumue. Mwaka jana kijana mmoja alikaza, akaiweka juani. Ilimpasukia miguuni.”

Mtungi haupo pale, kipimo hakipo, wala hakuna aliyetaja naitrojeni, lakini jambo ni lile lile. Sukari inapochachuka, karibu nusu ya uzito wake hugeuka hewa ya ukaa. Kilo moja ya sukari iliyomo katika ndizi za jerikeni moja hutoa zaidi ya lita 250 za hewa. Jerikeni haliwezi kuzihifadhi. Mama wa Nakivale hajapata kuhesabu hayo kwa kalamu. Hukaza kifuniko, kisha hukirudisha nyuma robo mzunguko, na juu yake hufunga kitambaa safi. Chumba anamochachulia kina matundu chini ya ukuta na juu yake, na watoto hawalali humo. Alipoulizwa kwa nini matundu ya chini, alisema kwamba bibi yake huko Kivu aliweka taa ya mafuta sakafuni mwa chumba cha pombe, na taa ilikuwa ikizimika yenyewe.

Mke wa sajenti alimtazama mumewe, wala hakusema neno.

Walipokuwa njiani kurudi, jerikeni nane zikitikisika nyuma, waliafikiana. Bia nyeusi iliachwa. Kwa wageni wasiokunywa tonto lingeazimwa pipa moja la bia ya njano pamoja na vyombo vyake na mtungi mdogo wa hewa ya ukaa, kutoka kwa mwenye baa mmoja wa Mbarara, kwa siku mbili. Watoto na wasiotumia kileo wangepata obushera bwa mtama, iliyokaa siku moja tu isije ikachacha. Hakuna kitu ambacho kingehamia chumbani baada ya hapo.

Kwa faida ya wenye nia ya namna hiyo, mambo waliyoyafanya ni haya. Pipa lililetwa jana yake, likalala usiku mzima ndani ya nusu ya ngoma iliyojaa barafu na maji, kwa kuwa barabara ya Isingiro ilikuwa imelitikisa vya kutosha, na bia iliyotikiswa haimiminiki siku ile ile. Maji yaliongezwa katika barafu kwa makusudi, maana barafu kavu hugusa pipa hapa na pale tu, lakini maji hulizunguka lote. Mtungi ulisimamishwa nje, kivulini, ukafungwa kwa mnyororo kwenye shina la mwembe. Kipimo kiliwekwa paundi 14 kwa inchi, ambayo yatosha kwa bia ya njano yenye baridi. Mipira ilikuwa imesafishwa kwa dawa yake na kusuuzwa kwa maji mengi mpaka mkono uliopitishwa katika maji ya mwisho usihisi utelezi. Dawa hiyo huunguza ngozi na macho, na chupa yake isiwekwe karibu na soda. Jik haikutumika; huifaa nguo na sakafu, lakini hula chuma cha pipa. Bilauri zilioshwa kwa sabuni, zikasuuzwa sana, zikaachwa zikauke zenyewe, kwa kuwa mafuta kidogo ya kitambaa huua povu lote.

Na hakuna aliyejaribu kulifungua pipa kwa spana ili aone kilichomo. Kiungo cha katikati ya pipa lenye presha kikilegezwa huruka juu kama risasi, nacho kimeua watu katika nchi nyingi.

Asubuhi ya shughuli, kabla ya wageni kuwasili, mke wa sajenti alikoroga sabuni katika kikombe na kuipaka kwa brashi kwenye kila kiungo, kutoka mtungini hadi bombani. Penye kipimo patupu hapakuonekana kitu. Penye kichwa cha pipa paliota vipovu, kimoja baada ya kimoja, vidogo mno. Gesi ilikuwa ikitoka bila sauti wala harufu tangu usiku. Kipete cha mpira kilikuwa kimekunjika. Kilibadilishwa, sabuni ikapakwa tena, na safari hii ikatulia.

“Usiku kucha,” sajenti alisema.

“Nje,” mkewe alimjibu. “Chini ya mwembe.”

Wazee walikunywa tonto yao ya Nakivale, eshabwe ililiwa ikakombwa, pipa likaisha saa kumi na moja jioni. Kesho yake mtungi na vyombo vyake vilirudishwa Mbarara kwa mwenyewe, mtungi ukiwa umesimama wima nyuma ya gari, madirisha yote wazi. Sajenti bado husimulia habari ya bia nyeusi ya Uingereza kwa yeyote anayemsikiliza, na mkewe humkumbusha kwamba kozi nyingine huenda zikatangazwa.